Kikombe Chenye Kamba

Pua yake ndiyo iliyompa jina. Jina la kuzaliwa analo, limo kwenye vyeti, lakini wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwake kwa miaka ishirini na miwili walimwita Mama Pua, na hata daktari wa wodi, akijisahau, alimwita hivyo hivyo mbele ya wageni. Si kwamba pua ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida, ya kutosha kupumulia. Ila haikujua kutunza siri. Kitu kikimchukiza, kabla mdomo haujasema lolote, pua ilijikunja upande mmoja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na mwanafunzi mwenye akili alianza hapo hapo kujiuliza amekosea wapi.

Na vilivyomchukiza vilikuwa vingi. Hapa inabidi tuelewane, maana watu wakisikia kwamba muuguzi wa wagonjwa wa akili ana kinyaa, hudhani ni kinyaa cha wodi. Sicho. Matapishi aliyafuta. Mzee aliyejichafulia alimwogesha huku wakizungumza habari za mvua. Ile harufu ya asubuhi wodini, jasho la usingizi wa vidonge lililochanganyika na dawa ya sakafu, aliiingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Uchafu wa mwili una sabuni yake, ndivyo alivyowaambia wanafunzi. Kilichomkunja pua ni kaka anayekuja kumwona nduguye, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa. Ni mama mkwe anayemwambia muuguzi, mwulize kama amekula, na anayeulizwa yuko pale pale, magoti yao yanakaribia kugusana. Ni zile soksi mpya zinazoletwa mara moja kwa mwaka ili mtu aweze kusema ameleta. Mambo hayo hayakuwa na sabuni.

Kazi yake ilikuwa na pande mbili. Asubuhi alifundisha, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya magodoro, na siku za joto bado kilinuka magodoro. Mchana alishuka na wanafunzi wodini, na siku mbili kwa wiki alikaa na familia. Kwenye ratiba iliandikwa tiba ya familia. Yeye aliieleza kwa maneno machache: nyumba nzima inaumwa, ila mmoja ndiye aliyelazwa. Kwa hiyo unaiita nyumba, unaiketisha kwenye viti, halafu unasikiliza nani anamkatiza nani.

Alikuwa na desturi moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha uuguzi. Kabla ya kuiita familia hospitalini, alikwenda kwanza nyumbani kwao na mwanafunzi mmoja. Wakishakaribishwa, wakiulizwa watakunywa nini, alisema anaomba maji tu, na yatiwe katika kikombe anachonywea mgonjwa. Basi, akatazama. Mtu akienda kabatini akachukua chochote kilicho mbele, akasema hata sijui ni kipi, vyote ni vyetu, Mama Pua alijua kazi imefika nusu. Watu wakianza kutazamana, alijua kazi haijaanza.

Desturi hiyo aliitoa mbali. Utotoni, nyumbani kwao kulikuwa na mama mdogo, mdogo wake mama yake kabisa, tumbo moja, ambaye aliugua akili akiwa msichana na akabaki hivyo. Aliishi chumba cha nyuma. Sahani yake ya bati ilining'inia kwenye msumari nje, peke yake, na haikuoshwa na vyombo vingine. Mtoto aliyepewa kazi ya kupeleka chakula alikuwa yeye. Alifundishwa aiweke sahani chini kizingitini, halafu aisukume ndani. Kwa mkono ilikuwa karibu mno, basi aliisukuma kwa mguu. Miaka mitatu aliisukuma kwa mguu, na mama mdogo kila mara alimshukuru, akimwita mwanangu. Alipokufa, sahani ilitupwa shimoni, na msumari ukabaki ukutani. Mambo haya Mama Pua hakuwahi kuyasimulia darasani. Alifundisha habari ya vikombe, mguu wake akauacha nje ya somo.

Sasa tuje kwa Fundi Saa.

Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye vidole virefu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza saa kwenye baraza ya nyumba ya kaka yake. Siku moja saa zilianza kumsema. Si kwa kelele, zilimsema chini chini, zikipokezana, ya mkononi ikianza na ya ukutani ikimalizia. Alivumilia wiki nzima. Kisha alizikusanya saa zote za wateja akazizamisha kwenye pipa la maji ili zinyamaze, akakaa juu ya mfuniko. Ndivyo alivyoletwa hospitali. Kwa miezi minane alitibiwa, vidonge vikamkubali, sauti zikaondoka. Saa ya wodini, iliyokuwa imesimama tangu siku ambazo watu hawazikumbuki, aliitengeneza kwa bisibisi iliyohesabiwa ikitoka na kuhesabiwa ikirudi. Siku ilipolia mara ya kwanza wagonjwa wawili walishtuka, na wauguzi walianza kuonekana wamechelewa kazini.

Alikuwa amepona kiasi cha mtu kupona. Shida ilikuwa kitanda. Daktari wa wodi alimwita Mama Pua akamweleza wazi kwamba kitanda kinahitajika, na kwamba familia isipomchukua kufikia Ijumaa ile, Fundi Saa atahamishiwa Kule Nyuma. Kule Nyuma ni jengo refu nyuma ya nyumba ya kufulia, la wale waliokosa wa kuwapokea. Waliingia watu humo wakiwa na nywele nyeusi. Mama Pua aliwahi kupeleka wagonjwa saba pale katika maisha yake, na aliyerudi ni mmoja, naye alirudi kuja kung'olewa jino.

Basi Jumatatu alikwenda kwa kaka mtu, akiwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Kalamu, kwa kuwa aliandika kila kitu, hata mwalimu akipiga chafya. Nyumba ilikuwa nzuri, yenye geti lililopakwa rangi juzi, na sebule ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Mkewe, yaani shemeji yake Fundi, alikuwa mwembamba, mwepesi wa kusimama. Na alikuwepo mama yao mzazi, mzee wa kukaa pembeni na kukunja pindo la nguo yake.

Mama Pua aliomba maji yake. Wakatazamana.

Alikwenda shemeji. Alipita kabatini bila kufungua, akatoka mlango wa nyuma, akakawia. Aliporudi alikuwa na kikombe cha plastiki cha buluu, kilichoungua kwenye mkono wa kushikia, na kwenye huo mkono imefungwa kamba ya katani, mafundo matatu, ili kisije kikachanganyika na vingine. Kilikuwa kimekaa kwenye msumari wa bomba la nje kwa miezi minane. Alikuwa amekisuuza, lakini chini kabisa, kwenye pembe ambazo kidole hakifiki, kulibaki utando wa kijani wenye utelezi.

Mama Pua alikitazama, pua ikajikunja kwa namna ambayo Kalamu hakuwa ameiona bado. Akakishika kwa mikono miwili akanywa. Maji yalinuka bomba na kitu kingine, kitu cha kuoza polepole. Bibi mzee alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, usinywe humo. Utaumwa na tumbo."

"Yeye aliumwa?"

"Hakusema."

"Mlimwuliza?"

Bibi akarudi kwenye pindo lake. Kaka alisema kwamba watu wanaoona kwa siku moja ni rahisi kuhukumu, na kwamba Alhamisi watakuja hospitali kama walivyoitwa, ila wasitegemewe. Njiani Mama Pua alitema mate mara tatu, jambo ambalo si la kwake. Alimwambia Kalamu kuwa watu wale wanamnukia vibaya kuliko kile kikombe. Akasema mengine ambayo Kalamu, kwa mara ya kwanza, hakuyaandika.

Alhamisi ikafika. Chumba cha mazungumzo kilikuwa na viti vimepangwa duara, na wanafunzi wanane wamekaa ukutani wakiwa wameambiwa wapumue kwa adabu. Saa ya Fundi ilisikika kutoka wodini. Familia iliingia, kaka mbele. Kiti alichoonyeshwa alikipangusa kwa leso, na wanafunzi wote wanane walimtazama mwalimu wao puani. Fundi Saa aliletwa, kavaa shati lake la nyumbani lililopigwa pasi, akawaamkia mama yake, kaka yake na shemeji yake. Mama alimshika mkono. Wawili wale walijibu kwa kichwa.

Mama Pua alianza. Siku hiyo alikuwa na ulimi. Alieleza kuwa mtu hafukuzwi nyumbani kwa neno, hufukuzwa kwa kijiko, kwa kikombe, kwa taulo linaloanikwa peke yake. Alieleza kwamba ukimtengea mtu chombo umemwambia kila asubuhi, bila kufungua mdomo, kwamba yeye si wa hapa, na asubuhi mia tatu za namna hiyo zinatosha kumwangusha hata asiyeumwa. Akasimama, kwa kuwa chai ilikuwa imeletwa kwenye sinia kubwa, na desturi ilikuwa aigawe yeye mwenyewe. Akagawa huku anazungumza. Bibi mzee, kikombe cha kaure chenye maua na kisahani chake. Kaka, kikombe cha kaure. Shemeji, kaure. Akajiwekea chake kitini. Fundi Saa akampa kikombe cha plastiki cha rangi ya machungwa, akaendelea kusema.

Ilimchukua sentensi mbili nzima kusikia kwamba kalamu ya Kalamu imenyamaza.

Akageuka. Kalamu alikuwa anatazama mikono ya Fundi Saa. Wanafunzi wote walikuwa wanatazama hapo. Na kaka, ambaye uso wake tangu aingie ulikuwa umefungwa kama duka la msibani, alikuwa anatabasamu. Wala halikuwa tabasamu la ubaya. Lilikuwa la mtu aliyekutana na mwenzake safarini.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Na sisi ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyekaa akapanga."

Sasa, sheria ya wodi ilikuwepo. Zamani mgonjwa mmoja alijikata kwa kigae cha kikombe, na tangu hapo wagonjwa hunywea plastiki. Vikombe vya kaure vya wauguzi na wageni vilikaa kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Yote hayo angeweza kuyasema, na yalikuwa ya kweli. Lakini ufunguo wa kabati lile ulikuwa unaning'inia shingoni mwake, chini ya sare, na ulikuwa umening'inia hapo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameuvaa hata alipokuwa anakunywa maji ya utando kwa watu na kuwakunjia pua. Aliuhisi kifuani, baridi, na kinyaa kilichompanda safari hii kilitokea ndani, kikamjaa mdomo mate machungu, kama mtu anayeumwa jino bovu akagundua harufu aliyokuwa akiwasingizia wengine ni ya kinywa chake.

Aliyemwokoa ni Fundi Saa.

"Mimi sina neno nacho," alisema, akikigeuza kikombe. "Kikianguka hakivunjiki. Tatizo lake chai inapoa upesi."

Bibi mzee akacheka kidogo, kisha akajiziba mdomo. Mama Pua akakaa. Na hapo, mbele ya wanafunzi wanane, akasimulia habari ya mama mdogo wake. Alisimulia bila kupamba: sahani, msumari, kizingiti, mguu. Alisema aliisukuma kwa mguu, na kwamba alishukuriwa. Alisema amekuwa akiingia nyumba za watu kwa miaka mingi akitafuta ule msumari, na hakuwahi kuutafuta ofisini kwake. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayesoma ripoti ya kukabidhi zamu.

Alipomaliza, shemeji alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Kamba niliifunga mimi," alisema. "Watu wanafikiri ni kinyaa. Si kinyaa, Mwalimu. Siku ile ya pipa alinifuata jikoni kwanza, akaniambia saa ya ukutani inamsema, na mimi nimo. Alikuwa na bisibisi mkononi. Hakunifanya kitu. Ila tangu siku hiyo sijawahi kumpa mgongo. Kile kikombe nikikiona nje, najua na yeye yuko nje."

Mumewe alimgeukia. Ilionekana ndiyo kwanza anayasikia hayo.

"Shemeji," Fundi Saa akasema, "nilidhani unanichukia."

"Na kukuchukia nilikuchukia."

"Basi hapo tulikuwa sawa. Maana na mimi nilisikia saa zikisema nikuogope."

Mtu wa kawaida angeona maneno hayo yamewaharibia. Mama Pua alijua ndiyo ya kwanza ya kweli kusemwa siku hiyo, yake yakiwemo, na mtu akishasema anaogopa nini unaweza kumpa la kufanya. Akawauliza saa zilianza vipi, kabla ya pipa. Bibi akakumbuka kwamba mwanawe alianza kuzifunika. Shemeji akasema kweli, ya jikoni aliikuta ina kitambaa cha kukaushia vyombo. Wakakubaliana juu ya hilo: saa ya kwanza ikionekana imefunikwa, shemeji atapiga simu wodini mwenyewe, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Bisibisi hazitavuka mlango wa kibanda. Vidonge atavishika Fundi, na mama atamwona anavimeza. Fundi Saa akaomba liandikwe, na liandikwe kwamba yeye ndiye aliyeomba. Kalamu akaandika.

Wakabaki wakimsubiri kaka. Alitazama leso yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Atarudi," alisema hatimaye. "Ila mimi nitakuwa namtazama."

"Mtazame," Mama Pua akasema. "Lakini ukae karibu ndipo umtazame."

Ijumaa, kitanda kilikuwa kitupu kabla ya saa nne, na wala si kwa kwenda Kule Nyuma.

Mama Pua alifungua kabati lile Ijumaa hiyo hiyo. Hakugawa kaure wodini, kwa sababu kigae ni kigae. Alipigana na ofisi ya ununuzi wiki sita mpaka vikaletwa vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu, vya namna moja kwa wagonjwa, wauguzi, daktari na wageni. Wauguzi walinung'unika kwamba wanafanywa wafungwa. Mmoja, msichana aliyemfundisha mwenyewe na kumpa alama za juu kabisa, alileta kikombe chake kutoka nyumbani akakificha kwenye droo nyuma ya glavu. Mama Pua alikikuta. Alikitazama, pua ikajikunja, kisha akasukuma droo ikafunga. Aliifunga kwa goti, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa mafaili. Akasimama hapo. Akaweka mafaili chini, akaifungua droo tena kwa mkono, akamwita yule msichana, wakakaa.

Kinyaa chake hakikumwacha, ila kilibadili njia. Zamani kilikwenda moja kwa moja kwa aliyekosa. Sasa kilipitia kwake kwanza, na mara nyingine kiliishia hapo siku nzima.

Mwezi wa tatu tangu Fundi Saa arudi nyumbani, alikwenda kumtembelea. Alimkuta kwenye baraza, kioo cha kukuzia kimebana jichoni, saa za wateja zimelala mbele yake zikienda. Hakuna iliyofunikwa. Kaka hakuwepo. Shemeji alisema kwamba siku hizi mumewe anapata chai ya asubuhi kule kwenye mbao, asema wateja wanawahi. Alilisema akitazama pembeni, na Mama Pua alilielewa. Si kila kamba ni ya katani.

Akaomba maji yake. Shemeji akafungua kabati, akakaa kidogo, akarudi na glasi.

"Sijui kama ndiyo hii," alisema. "Vimechanganyika."

Kile cha buluu kilikuwa mezani kwa Fundi. Kilijaa mafuta ya taa nusu, na ndani yake vipuri vya saa vilikuwa vimerowekwa, kamba ikiwa bado kwenye mkono wa kikombe kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuifungua.

Mama Pua akainua glasi. Ukingoni palikuwa na alama ya midomo ya mtu, ya mafuta mafuta, aliyekunywa kabla yake na chombo kikasuuzwa kwa haraka. Pua ikajikunja yenyewe. Fundi Saa akainua jicho lenye kioo, kubwa kama la bundi.

"Mwalimu," akasema, "pua."

Mama Pua akaigeuza glasi, akaweka midomo yake palepale penye alama, akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Aliyanywa yote.